Reli Iliyogeuka Njia ya Baisikeli: Habari za Otago ya Kati

Kila kazi ya mikono ya watu ina siku yake ya kuzaliwa na siku yake ya kufa. Nyumba hubomoka, mashua huoza, na hata reli, iliyojengwa kwa chuma na mawe, huweza kufa. Sisi wa Tanzania twaijua habari hii. Mwaka 1947 Waingereza walianza mashamba makubwa ya karanga, na kwa ajili yake reli ilijengwa toka pwani ya kusini mpaka Nachingwea. Mwaka 1954 ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Lakini mashamba yenyewe yalikuwa yamekwisha kushindwa mwaka 1951, na reli isiyo na mzigo ni kama kinu kisicho na nafaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Basi reli ikifa, njia yake ifanyweje? Vyuma huweza kuuzwa, na mataruma kufanywa miimo ya malango. Lakini tuta lililojazwa udongo, kilima kilichokatwa, na daraja lililojengwa juu ya mto, hayo hayachukuliki. Je, yaachwe yamezwe na majani? Yagawiwe majirani, kila mtu kipande chake? Au yawekwe kwa faida ya watu wote? Swali hili limeulizwa katika nchi nyingi. Nasi twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi lilivyojibiwa katika nchi moja ya mbali, Nyuzilandi, katika sehemu iitwayo Otago ya Kati. Maana huko reli ilikufa, na vijiji vyake vilikuwa vikififia, kisha njia ile ile ikavirudishia nguvu.

Nyuzilandi ina visiwa viwili vikubwa, kusini kabisa katika bahari ya Pasifiki. Otago iko katika kisiwa cha kusini. Pwani yake pana mji wa Dunedin. Nyuma ya mji mna milima, na nyuma ya milima ndiko Otago ya Kati, nchi ya nyanda pana, majabali na majani makavu, yenye mvua haba. Wakati wa kiangazi jua huchoma, na wakati wa baridi maji huganda yakawa magumu kama jiwe. Mwaka 1995, katika kijiji cha Ophir, baridi ilishuka hata digrii 21.6 chini ya kiasi cha kugandisha maji.

Watu wa kwanza kupita huko walikuwa Wamaori, wenyeji wa visiwa vile. Walipanda toka pwani kuwinda moa, ndege mkubwa asiyeruka, ambaye leo hayuko tena duniani. Nao walitafuta jiwe la kijani walilolithamini sana. Kisha Wazungu wakaja na kondoo wao. Mwaka 1861 mtu aitwaye Gabriel Read aliona dhahabu katika bonde moja la Otago, na mwaka 1862 dhahabu nyingi ilionekana karibu na mahali ulipo mji wa Clyde. Watu wakamiminika kama siafu, na baada ya miaka michache wakaja Wachina pia. Lakini dhahabu ikiisha kuchimbwa haioti tena. Ilipopungua, waliobaki walikuwa wafugaji na wakulima, na taabu yao kubwa ilikuwa njia. Sufu na nafaka zilichukuliwa kwa magari ya kukokotwa na wanyama, kupita milimani, na gharama ya safari ikala faida ya jasho lao. Ndipo walipoitaka Serikali iwajengee reli.

Kazi ilianza mwaka 1879 mahali paitwapo Wingatui, karibu na Dunedin. Mwanzo wake ulikuwa mgumu, maana ilipasa kupenya katika bonde jembamba la mto Taieri, lenye magenge pande zote mbili. Siku zile hapakuwa na mashine za kuchimba kama za leo. Watu walichimba kwa sururu na sepetu, wakapasua miamba kwa baruti, wakachukua udongo kwa toroli na magari ya farasi. Fedha za Serikali nazo zilipungua, na kazi ikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1887 lilimalizika daraja la chuma la Wingatui, lenye urefu upatao mita 197. Mwaka 1891 reli ilifika Middlemarch. Mwaka 1894 ikafika Hyde. Mwaka 1898 Ranfurly. Mwaka 1904 Omakau. Mwaka 1907 Clyde. Na mwaka 1921 ikafika mwisho wake, mji wa Cromwell. Hesabu miaka hiyo, msomaji, utaona ni 42. Mtoto aliyezaliwa siku ardhi ilipochimbwa mara ya kwanza, siku ya kumalizika kwake aliweza kuja kutazama akiwa na watoto wake mwenyewe. Urefu wa reli yote ulikuwa kilometa zipatazo 235.

Yafaa tueleze hapa jambo moja la ufundi, kwa sababu lina maana katika habari zifuatazo. Gari la moshi lina nguvu nyingi, lakini haliwezi kupanda mlima mkali; magurudumu yake ya chuma huteleza juu ya chuma. Kwa hiyo wajenzi wa reli huitafutia mwinuko mdogo. Katika sehemu ya reli hii tunayotaka kuieleza, kwa kila hatua 50 za kwenda mbele, reli haikupanda zaidi ya hatua moja. Palipokuwa na bonde walijaza tuta. Palipokuwa na kilima walikikata. Palipokuwa na mlima usiokatika walitoboa handaki, yaani tundu la kupita chini yake. Na pembeni walichimba mifereji ili maji yasikae. Katika bonde la Poolburn walitoboa mahandaki mawili katika mwamba mgumu, kila moja lapita mita 200, na karibu yake wakajenga daraja refu juu ya nguzo za mawe yaliyochongwa papo hapo. Wajenzi hawakuwaza habari za baisikeli hata kidogo. Lakini walikuwa wakiitengenezea njia.

Na baisikeli yenyewe ilikuwa imekwisha fika huko. Katika kijiji cha Oturehua alikaa fundi jina lake Ernest Hayes, ambaye tangu mwaka 1895 alibuni vyombo vya kuwasaidia wakulima, hasa chombo cha kukazia waya za ua. Mkewe, Hannah Hayes, ndiye aliyekuwa akipanda baisikeli na kuzunguka katika mashamba ya kondoo yaliyo mbalimbali, akionyesha vyombo vya mumewe na kupokea maagizo. Fikiri, mama mwenye gauni refu, katika barabara mbaya, penye upepo wa milimani! Kazi yao ikakua, na karakana yao yahifadhiwa hata leo.

Reli iliigeuza nchi. Mji wa Naseby, uliokuwa mkubwa wakati wa dhahabu, ulipitwa kando, na Ranfurly, penye stesheni, pakawa ndipo mahali pa kukutania watu. Kondoo, sufu na sungura waliowindwa walishuka kwenda Dunedin. Matunda ya Clyde na Alexandra yalifika mjini yangali mabichi. Na makaa, barua, magazeti na walimu wa shule walipanda kwa gari lile lile. Kila stesheni ilikuwa na watu wake: mkuu wa stesheni, mafundi wa kuangalia njia, wake zao na watoto wao. Watoto hao ndio waliojaza shule, na mishahara yao ndiyo iliyotia uhai katika duka.

Kulikuwa na siku za msiba pia. Tarehe 4 Juni 1943 gari la abiria lililotoka Cromwell kwenda Dunedin lilifika karibu na Hyde kwa mwendo wa kasi kupita kiasi, kwenye kona iliyokatwa katika kilima. Likaacha reli, na mabehewa yakapondana. Watu 21 walikufa na wengine wengi waliumia. Dereva alikuwa amekunywa pombe, alishtakiwa akafungwa. Mnara wa mawe umejengwa karibu na mahali pale, nao wapitao husimama wakasoma majina.

Lakini kilichoiua reli hakikuwa msiba huo. Ilikuwa barabara. Malori yaliongezeka, yakaweza kufika mpaka mlangoni pa mkulima, jambo ambalo gari la moshi haliwezi. Kwa miaka mingi sheria iliyazuia malori kuchukua mizigo safari za mbali palipokuwa na reli. Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kizuizi hicho kiliondolewa. Magari ya abiria yalikuwa yamekwisha komeshwa mwaka 1976. Kisha Serikali ikataka kujenga bwawa kubwa la umeme huko Clyde. Reli kati ya Clyde na Cromwell ilifungwa mwaka 1980, na leo bonde ilimopita limefunikwa na maji ya ziwa. Reli iliyobaki iliendelea kuchukua vifaa vya kujengea bwawa lile, na kazi ile ilipokwisha, haikuwa na kazi tena. Tarehe 30 Aprili 1990 ilifungwa.

Hapo ndipo vijiji vilipotiwa katika mizani. Wafanyakazi wa reli walikuwa wameondoka mmoja mmoja. Vijana walikwenda mijini. Duka likikosa wanunuzi hufungwa, na shule ikikosa watoto hufungwa. Vyuma viling'olewa toka Clyde mpaka Middlemarch. Kutoka Middlemarch kushuka Wingatui viliachwa, kwa ajili ya gari la watalii. Mwenye kusimama juu ya tuta lile tupu angeweza kusema kwamba habari imekwisha.

Lakini walikuwako watu walioona kwamba kilichobaki kilikuwa mali. Walisema: njia hii haina mlima mkali, ina madaraja na mahandaki, yapita mbali na barabara ya magari, nayo yaunganisha vijiji vyetu vyote. Tukiitandika changarawe, watu wa miguu, wa farasi na wa baisikeli watakuja kupita, nao watalala kwetu na kula kwetu. Mwaka 1993 Idara ya Hifadhi ya Serikali iliichukua ardhi ile yote ya reli, na mwaka 1994 kikaundwa chama cha wadhamini, watu wa huko huko, ili kukusanya fedha na kusaidia kazi.

Si wote waliofurahi. Wafugaji ambao mashamba yao yalipakana na njia walikuwa na neno la kusema, na neno lao halikuwa la upuuzi. Waliuliza: wageni wakiacha malango wazi, nani atakusanya kondoo? Wengine walidhani ni ndoto tu, kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayetoka mjini kuja kuendesha baisikeli katika upepo na vumbi. Na wengine waliona kwamba ardhi ile ingefaa zaidi ikirudi katika mashamba iliyokatwa.

Tuliangalie sana neno hili la mwisho, maana ndilo kiini cha habari yote. Shamba likikatwa vipande kumi, kila kipande ni shamba bado, ingawa dogo. Njia sivyo. Njia ikikatwa mahali pamoja tu, yote imekufa, kwa sababu thamani yake ni kufika. Mtu mmoja akilima tuta karibu na nyumba yake, amewaibia hata walio kilometa mia mbele yake, ambao hajapata kuwaona.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka 1937 walikwisha ona mfano mwema: reli ndogo ya bonde la Manifold, iliyofunguliwa mwaka 1904 na kufungwa mwaka 1934, iligeuzwa kuwa njia ya watu wa miguu. Lakini baada ya mwaka 1963, ilipotolewa taarifa ya Bwana Beeching ya kufunga reli nyingi zisizo na faida, ardhi ya reli nyingi iliuzwa vipande vipande. Madaraja yalibomolewa, nyumba zikajengwa juu ya tuta. Tangu mwaka 1977 watu wa Bristol walipoanza kutengeneza njia za baisikeli, njia ya reli ya zamani kati ya Bristol na Bath iliwafaa sana. Lakini katika sehemu nyingine za nchi waliotaka kufanya vivyo hivyo walikuta njia zimekatika, na kuziunganisha tena ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi.

Wamarekani walitumia sheria. Katika jimbo la Wisconsin, reli ya kati ya Elroy na Sparta, yenye mahandaki matatu, ilinunuliwa na jimbo mwaka 1965, ikafunguliwa kwa baisikeli mwaka 1967. Mwaka 1983 nchi yao ilitunga sheria kwamba reli iliyoachwa yaweza kuwekwa nzima, bila kukatwa, itumike kama njia ya miguu na baisikeli mpaka hapo itakapohitajiwa tena na gari la moshi. Watu ambao ardhi yao ilipitiwa na reli walilalamika, wakisema kwamba waliruhusu reli tu, na reli ikiondoka ardhi ni yao. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1990. Mahakama ilisema kwamba sheria ni halali, njia iwekwe. Tena ikasema kwamba mwenye ardhi aliyepunjwa ana ruhusa ya kudai fidia kwa Serikali. Sisi twaona kuna hekima katika hukumu hiyo. Faida ya wote isifanywe sababu ya kumdhulumu mmoja, wala haki ya mmoja isifanywe sababu ya kuwakatia wote njia.

Turudi Otago. Kazi ilifanywa sehemu kwa sehemu. Kokoto kubwa za reli zilifunikwa kwa changarawe nzuri iliyoshindiliwa. Madaraja, ambayo yalikuwa na mataruma matupu yenye nafasi kati yake, yaliwekwa mbao na vishikizo vya pembeni ili mtu asianguke mtoni. Malango yaliwekwa ili kondoo wasipotee. Vibanda vya mabati, kama vile vya mafundi wa reli wa zamani, vilijengwa kuwa mahali pa kujikinga na upepo na kusoma habari za nchi. Huko Wedderburn lilikuwako banda la mizigo lililokuwa limehamishwa. Wenyeji wakalirudisha mahali pake. Mwezi wa Februari mwaka 2000 njia yote ilifunguliwa, toka Clyde mpaka Middlemarch, kilometa 152, yaani maili zipatazo 94. Magari na pikipiki hayana ruhusa kupita.

Mahali pa juu kabisa ni kati ya Oturehua na Wedderburn, mita 618 juu ya bahari. Lakini kwa sababu ya ule mwinuko mdogo tuliousema, apandaye baisikeli hupanda bila kuhema sana, na wazee wa miaka 70 huenda pamoja na wajukuu wao. Kinachowashinda watu mara nyingine ni upepo, si mlima. Katika mahandaki ya Poolburn hamna taa. Msafiri huwasha kurunzi yake, akapita polepole, akiona alama za sururu katika mwamba. Wengi huchukua siku tatu, nne au tano kuimaliza safari.

Na siku hizo ndizo zilizoviponya vijiji. Mwendesha baisikeli hawezi kwenda mbali kama mwenye motokaa. Mwenye motokaa huvipita vijiji vitano kwa saa moja, akaacha vumbi. Mwendesha baisikeli huchoka, huona njaa, hunyeshewa; lazima asimame. Akisimama hununua chai na mkate, na jua likitua hutafuta kitanda. Hivyo nyumba za zamani zilifanywa nyumba za wageni. Wafugaji wengine walifungua vyumba vyao. Watu walianza kazi ya kukodisha baisikeli na kuchukua mizigo ya wasafiri. Njia ile ya unyonge, iendayo polepole, ilileta fedha katika vijiji ambavyo barabara ya lami ilikuwa ikivipita tu. Kila mwaka maelfu ya watu huja. Mwaka 2009 Serikali ya Nyuzilandi, ikiona mfano huo, ilianza kazi ya kutengeneza njia za namna hii katika nchi nzima, nazo leo njia zao kubwa zapita 20.

Basi sisi tuna nini katika habari hii? Hatusemi kwamba kila tuta la kale litaleta watalii. Twasema kwamba njia ni urithi, na urithi wa namna hii hupotea kimya kimya. Tazama njia ya kijiji chako iendayo kisimani au shuleni. Zamani ilitosha watu wawili kupishana, mmoja amejitwika mtungi. Kila mwaka jembe la huyu limesogea hatua moja, na la yule hatua moja, wala hakuna aliyeiba mchana. Lakini leo mwenye baisikeli iliyopakiwa gunia la mahindi hushuka akaikokota, na mtoto wa shule hupita katika umande wa mahindi ya watu. Mali ya wote ikikosa mlinzi huwa mali ya aliye karibu.

Watu wa Otago walifanya mambo matatu, na yote matatu yako ndani ya uwezo wa kijiji. Waliiweka njia nzima, wasiikate. Walisikiliza malalamiko ya jirani, wakamwekea malango. Nao waliichagulia njia walinzi wenye majina yanayojulikana, ili shimo likitokea ajulikane wa kuulizwa. Jambo la kwanza bila la pili huzaa ugomvi. Na mawili hayo bila la tatu huzaa majani.

Wale waliochimba miamba ya Poolburn kwa sururu wamekufa zamani, na gari walilolitengenezea njia limeondoka. Lakini kazi yao ingali ikifaa watu, kwa sababu waliofuata hawakuigawana.